Mume yuko wodini, mtoto yuko nyumbani: mama afanyeje?



Katika toleo hili tuongee juu ya jambo ambalo sisi wauguzi tunaliona wodini kila mara, ingawa haliandikwi katika faili la mgonjwa. Baba ameangukiwa na gogo katika kazi ya mbao, amevunjika paja. Amelazwa, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito, na daktari amesema atakaa wiki sita au zaidi. Mama ametoka Nyololo na sufuria, khanga mbili na mtoto wa miezi minane mgongoni. Nyumbani amebaki binti wa darasa la nne na mdogo wake wa miaka mitatu. Je, mama huyu amuuguze mume au alee watoto?

Wengi hujibu haraka kwamba mume kwanza, kwa kuwa ndiye mgonjwa. Wengine hubaki wodini kwa kuogopa maneno ya mawifi, wasije wakasema, "Amemtupa ndugu yetu hospitali." Mimi nasema: kabla ya kuamua, muulize muuguzi wa wodi swali moja tu, "Mgonjwa wangu anahitaji mtu wa kulala hapa?" Siku mbili tatu za kwanza, au baada ya upasuaji, mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini mtu aliyevunjika mguu, asiye na homa, anayekula na kuongea, anahitaji zaidi mtu wa kumletea chakula, kumfulia nguo na kumsaidia kuoga. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kaka yake, mjomba au shemeji. Dawa, sindano na vidonda ni kazi yetu.

Basi kaeni kikao cha familia mapema, hata kwa simu, mpange zamu. Zamu ya siku tatu tatu inafaa kuliko ya kila siku, maana nauli ya kwenda Mafinga na kurudi inakula fedha, sembuse ya kwenda Ikonda kupitia Makambako na Njombe. Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi huja kumwona mgonjwa watu kumi kwa pamoja. Tunashukuru, lakini ingefaa zaidi wawili waje hospitali na wanane wabaki kumchotea maji, kumpalilia shamba na kuwaangalia watoto.

Sasa mtoto anyonyaye. Aliye chini ya miezi sita hana chakula kingine isipokuwa maziwa ya mama. Huyo asitenganishwe na mama yake. Mtafuteni mtu mwingine wa kukaa na baba. Pia wodi ya watu wazima si mahali pa kumlaza mtoto mchanga, kwa kuwa kuna wenye vikohozi na vidonda. Kama ni lazima mama aje, mtoto abaki nje na bibi au shangazi, mama aingie, amwone mgonjwa, atoke amnyonyeshe.

Mama akitoka kwa saa chache anaweza kukamua maziwa. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia katika kikombe kilichochemshwa, funika, weka mahali penye baridi. Bila friji yasizidi saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa, kwani chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Mama naye huko aliko aendelee kukamua kila baada ya saa tatu hivi, la sivyo matiti yatajaa na kuuma, halafu maziwa yatapungua. Mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asafiri nazo, na dawa za mtoto ziachwe kwa mtu anayejua saa zake. Zisikatike hata siku moja.

Mtoto wa miezi minane anyonye, tena ale mara mbili au tatu kwa siku: uji wa ulezi uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa, viazi vilivyopondwa, maharage, parachichi.

Nyumbani abaki nani? Binti wa darasa la nne ni mtoto, si mlezi. Akibaki peke yake ataacha shule, na katika baridi ya Juni na Julai ataingiza jiko la mkaa ndani wapate joto, kisha wafunge mlango na madirisha. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini bila hata kukohoa. Jiko lisiingizwe chumba cha kulala kabisa. Abaki mtu mzima, na asiwe yule ambaye msimu wa ulanzi humkuti nyumbani. Mwalimu naye aambiwe hali ilivyo.

Anayebaki ajue dalili za hatari. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa vigumu kumwamsha, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, bila kumngoja mama arudi. Akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hatari. Mwachie mlezi kadi ya kliniki na fedha kidogo ya nauli.

Yule wa miaka mitatu mwambieni ukweli: "Baba ameumia mguu, yuko hospitali. Mama atarudi Jumamosi." Msitoroke akiwa amelala. Akianza tena kukojoa kitandani, asichapwe. Ni hofu, itaisha.

Na kama ni mama aliyelazwa? Mambo ni yale yale, ila baba ndiye wa kupika uji na kumbeba mtoto mgongoni. Nimewaona wanaume wa kwetu wakifanya hivyo vizuri sana, na sijamwona aliyepungukiwa uanaume.

Kama baba amelazwa kwa kifua kikuu, kila mtoto wa nyumba hiyo aliye chini ya miaka mitano aletwe kupimwa, hata akionekana mzima. Asipokutwa na ugonjwa atapewa dawa za kinga.

Siku ya kuruhusiwa, uliza tarehe ya kurudi kliniki, kisha itazame na kadi ya mtoto. Chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18. Ikiwa tarehe ilipita mkiwa hospitali, chanjo bado hutolewa. Mpeleke siku ya kliniki inayofuata.