Sayari za Mbali na Sayari Kibete: Zikoje, na Zipi Utaziona

Mtoto akirudi kutoka shule akihesabu sayari tisa, msahihishe kwa upole. Tangu Agosti 2006 zinahesabiwa nane, na ya mwisho ni Neptuni.

Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni za mwamba. Ukivuka Mirihi, unafika kwenye majitu yasiyo na ardhi ya kukanyaga. Mshtarii na Zohali zimejaa haidrojeni na heli. Uranusi na Neptuni zina maji, amonia na methani kwa wingi, na methani ya angani mwake humeza mwanga mwekundu, hivyo huonekana za buluu.

Anza na Mshtarii, maana ndiyo rahisi kuiona. Tungamo lake ni mara 318 ya Dunia, lakini hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, kasi iliyoifanya ivimbe kiunoni. Tafuta nuru kali isiyometameta kama nyota. Sisi wa karibu na ikweta tumejaliwa: sayari hupita juu sana angani mwetu, mbali na vumbi la upeo wa macho. Hata darubini ya mkononi, ukiiegemeza ukutani isitikisike, itakuonyesha miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Rudi kesho yake, utaikuta imehama.

Zohali nayo huonekana kwa macho matupu, ila pete zake, ambazo sehemu kubwa ni vipande vya barafu, zinahitaji darubini ya kukuza mara 30 hivi. Uranusi imelala ubavu. Kila ncha yake hupata miaka 42 ya mwanga, kisha 42 ya giza. Neptuni ilipatikana kwa hesabu: Le Verrier alikokotoa mahali ilipo, na mwaka 1846 Galle akaiona kutoka Berlin. Ni chombo kimoja tu, Voyager 2, kilichowahi kuzipitia hizi mbili.

Basi Pluto, ile ya tisa iliyoondolewa kwenye hesabu, ilikosa nini? Sayari sharti izunguke Jua, iwe na uzito wa kuifanya mviringo, na iwe imesafisha njia yake. Pluto haikutimiza sharti la tatu, kwa kuwa inapita katika Ukanda wa Kuiper pamoja na magimba mengine mengi. Mojawapo, Eris, lililogunduliwa 2005, linakaribia ukubwa wake na ni zito kuliko Pluto. Kuiacha Pluto iendelee kuwa sayari kungelazimu kuiita Eris sayari ya kumi, na nyingine zingefuata. Naona uamuzi wa kuiondoa ulikuwa wa haki. Zilizokosa sharti la tatu tu huitwa sayari kibete, na zinazotambuliwa rasmi ni tano: Ceres, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, kisha Pluto, Haumea, Makemake na Eris.

Pluto haionekani kwa darubini ndogo ya nyumbani. Mwalimu atumie picha za chombo cha New Horizons, kilichoipitia Julai 2015. NASA inazitoa bure. Awaonyeshe wanafunzi milima ya barafu ya maji, na kando yake uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda.