Simu Isiyosomeka Inaweza Kuleta Ugomvi
Somo kutoka sheria za Ulaya kuhusu watu wenye ulemavu



Tunapozungumza juu ya vyanzo vya ugomvi, mara nyingi tunataja ardhi, mifugo na uchifu. Leo tunataja kitu kidogo kinachoingia mfukoni, yaani simu. Siku hizi habari za mgawanyo, majina ya walioandikishwa, na mara nyingine hata pesa za msaada, hupitia simu. Je, mtu asiyeona, asiyesikia au asiye na vidole anazipataje? Katika somo hili tutaona jinsi nchi za Ulaya zilivyojibu swali hilo kwa sheria, kisha tuchague yale yanayotufaa hapa kwetu.

Mambo yaliyotokea katika kambi moja

Katika kambi moja upande wetu, shirika moja lilitangaza kwamba familia zitapewa pesa kwa njia ya simu. Wale wasiokuwa na simu walipewa simu ndogo za vitufe. Kati yao alikuwa mama mmoja mzee asiyeona, aliyekimbia pamoja na wajukuu wawili wadogo. Ujumbe wa pesa ulipoingia, simu ililia tu. Haikumwambia ameletewa kiasi gani. Ikambidi ampe kijana jirani simu yake pamoja na namba ya siri.

Kijana alikwenda kwenye kibanda cha pesa, akarudi na noti. Ikawa hivyo miezi miwili. Mwezi wa tatu, mtoto wa dada yake yule mama alifika kutoka Kalemie, akafungua ujumbe wa zamani na kuusoma. Kiasi kilichoandikwa hakikulingana na kile ambacho mama alipokea. Basi, maneno yakaanza. Kijana yule alikuwa wa jamii nyingine. Haikupita saa moja, watu wakaacha kusema «fulani ameiba», wakaanza kusema «watu wale ni wezi». Sote tunajua maneno ya namna hiyo yalitufikisha wapi katika jimbo letu la Tanganyika. Jioni ile vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kushika panga.

Wazee walikaa siku mbili. Kijana alieleza kwamba alilipa gharama ya kutoa pesa, alilipa mahali pa kuchaji simu, na alijikatia kidogo kwa ajili ya safari yake, akidhani mama ameelewa. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa haki yake, sehemu haikuwa. Alirudisha isiyo yake, na watu wakapeana mikono. Ndipo mzee mmoja akatugeukia sisi wa mashirika, akauliza: «Ninyi mlipompa mama huyu kitu asichoweza kukisoma, mlitegemea nini?»

Hatukuwa na jibu. Sisi wenyewe tulikuwa tumesaidia kuandika majina ya familia, na hatukumwuliza mtu hata mmoja kama anaona vizuri, anasikia, au anaweza kushika simu.

Ulemavu uko wapi?

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Risasi, moto, polio, ukoma, ajali ya barabarani au uzee tu vinaweza kumfikia yeyote kati yetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani kama mtu 1 kati ya 6. Hesabu ya kambi yetu inaweza kutofautiana na hiyo. Lakini ukikuta kambi yenye watu 600 na orodha inaonyesha wenye ulemavu 4 tu, jua kwamba wengi hawakuulizwa, au wamefichwa ndani ya hema.

Zamani tulifikiri ulemavu uko katika mwili wa mtu peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unatufundisha jambo jingine. Ulemavu hutokea pale ambapo upungufu wa mwili au akili unakutana na vizuizi vilivyowekwa na watu wengine. Tukiondoa kizuizi, mtu anapita.

Chukua simu ya vitufe, upitishe kidole juu ya tarakimu 5. Utagusa kinundu kidogo. Kinundu hicho kiliwekwa ili kidole kijue kiko katikati ya vitufe, na mtu asiyeona aweze kupiga namba peke yake. Macho yake hayakupona. Kilichobadilika ni simu. Hiyo ndiyo maana ya chombo kinachofikika: kimetengenezwa ili kila mtu aweze kukitumia, na asilazimike kuomba macho au masikio ya jirani.

Tuangalie pia maneno yetu. Tunaposema kilema, kipofu, kiziwi, tunamtaja mtu kwa kasoro yake tu. Tukisema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu asiyesikia, tunataja utu wake kwanza.

Watu wa Ulaya walifanya nini?

Tusidhani kwamba Ulaya mambo yalikuja yenyewe. Watu wenye ulemavu wa nchi nyingi waliungana. Mwaka 1996 waliunda Jukwaa la Watu Wenye Ulemavu la Ulaya ili wasemewe na vyama vyao wenyewe. Mwaka 2003 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Ulaya wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2007 Jukwaa hilo lilikusanya saini zaidi ya milioni 1 za raia, wakidai sheria ya kuwalinda. Hawakurusha jiwe. Walihesabu watu wao, wakaandika madai yao, wakayapeleka kwa wakubwa na kuyarudia miaka mingi.

Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulithibitisha ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kisha zikaja sheria mbili kubwa kuhusu vyombo vya kisasa.

Ya kwanza ni ya mwaka 2016. Inazidai ofisi za serikali na za umma zihakikishe kwamba kurasa zao za intaneti na programu zao za simu zinaweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kwa mfano, picha iwe na maelezo ambayo kompyuta inaweza kuyasoma kwa sauti, na filamu iwe na maandishi kwa ajili ya asiyesikia.

Ya pili ni ya mwaka 2019, na ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Hii inawagusa wafanyabiashara. Kompyuta, simu za kisasa, mashine za kutoa pesa na za kukata tiketi, huduma za benki, vitabu vya kompyuta na maduka ya intaneti, vyote vinatakiwa vifikike. Kampuni ya nchi yoyote inayotaka kuuza vitu hivyo katika soko la Ulaya inapaswa kufuata kanuni hizo.

Tuwe wakweli, kazi ya Ulaya haijakwisha. Tangu saini zile za 2007 hadi 2025 imepita miaka 18. Biashara ndogo sana za huduma zilisamehewa sheria ya pili. Lakini msingi wake ni mzuri, nao ni huu: mzigo anaubeba yule anayetengeneza chombo au kutoa huduma, tena tangu mwanzo. Mwenye ulemavu haachiwi ahangaike baadaye. Lile swali la mzee wetu wa Baraza lilikuwa linasema jambo lile lile.

Je, sheria hizo zinatuhusu?

Sheria ya Ulaya haina nguvu hapa Kongo. Hata hivyo, inatugusa kwa njia tatu.

Kwanza, kwa vyombo. Simu nyingi zinazouzwa katika masoko yetu ni za aina zile zile zinazouzwa Ulaya. Simu ya kioo ya Android huwa na programu ya kumsomea mwenye simu kwa sauti, hata kama muuzaji hajui kwamba imo.

Pili, kwa misaada. Umoja wa Ulaya ni mmoja wa wafadhili wa misaada ya dharura. Mwaka 2019 idara yake ya misaada hiyo ilitoa mwongozo unaotaka watu wenye ulemavu wafikiriwe katika kazi zinazolipwa kwa fedha zake. Mwaka huo huo mashirika makubwa ya misaada ya dunia yalikubaliana mwongozo wao wa pamoja. Kwa hiyo kiongozi wa kambi akimwuliza mgeni, «Watu wetu wasioona watazipataje habari hizi?», hajakosa adabu. Anauliza jambo ambalo mashirika yenyewe yameliandika.

Tatu, kwa sheria zetu wenyewe. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na kifungu chake cha 11 kinataja watu wenye ulemavu wakati wa vita na maafa. Tarehe 3 Mei 2022 tulipata sheria yetu ya kulinda na kuendeleza haki zao. Basi, hatuombi huruma. Tunaomba kinachoandikwa kitendeke.

Mambo tunayoweza kuanza nayo wiki hii

Mengi kati ya haya hayahitaji pesa za wafadhili.

1. Tuulize vizuri. Tukiuliza «Wewe ni mlemavu?» wengi watakataa kwa aibu. Tuulize kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, au kuelewana na wengine. Maswali haya 6 yanatumika katika nchi nyingi.

2. Tutangaze kwa njia mbili au zaidi. Megafoni haimfikii asiyesikia, na karatasi ukutani haimfikii asiyeona. Tutangaze kwa sauti, tubandike maandishi na michoro, tena tumtume mtu hema kwa hema kwa wale tunaowajua. Tumjulishe asiyesikia siku ile ile, maana akiambiwa kesho yake mbegu zimekwisha kugawanywa.

3. Tulinde pesa za simu. Anayehitaji msaidizi amchague mwenyewe, mbele ya shahidi. Gharama ya kutoa pesa na malipo ya msaidizi vitajwe kabla ya safari. Mwenye kibanda aseme kiasi kwa sauti, msaidizi arudi na karatasi, na ujumbe usifutwe. Msaidizi akibadilishwa, namba ya siri nayo ibadilishwe.

4. Tusitegemee alama ya kidole peke yake. Kuna vidole vilivyoliwa na ukoma, na vingine vimechakaa kwa jembe. Tuombe shirika likubali pia kadi yenye picha, au mwakilishi aliyeandikwa jina tangu siku ya kuandikishwa.

5. Tujifunze simu zetu. Katika simu ya Android iliyowekwa kwa Kifaransa, tafuta neno Accessibilité katika mipangilio. Humo mna programu ya kusoma kwa sauti iitwayo TalkBack, na njia ya kukuza maandishi. TalkBack ikiwashwa, unagusa mara moja ili usikie jina la kitu, na unagusa mara mbili haraka ili ukifungue. Kijana mmoja anayeijua anaweza kuwafundisha watu kumi.

6. Tuangalie njia. Mahali pa kuchaji simu na pa kupokea pesa pasiwe ng'ambo ya mtaro ambao baiskeli ya mikono haiwezi kuvuka. Vijana wachache wenye majembe wanaweza kuuziba kwa asubuhi moja.

7. Tuwape kiti. Katika kamati ya kambi na katika Baraza, wawepo watu wenye ulemavu, wanaume na wanawake, wa jamii zote. Wakae tangu siku ya kupanga, wasiitwe siku ya kupiga picha.

Maswali ya kujadiliana

Someni somo hili kwa sauti katika vikundi vya watu 8 hadi 12, kisha mjadiliane:

- Katika kambi au kijiji chetu, ni nani huwa wa mwisho kupata habari? Kwa nini?
- Je, tumewahi kuona ugomvi ulioanza kwa sababu mtu mmoja alimsomea mwenzake ujumbe? Ulimalizwaje?
- Kama ungekuwa kijana yule aliyetumwa kutoa pesa, ungefanya nini ili usilaumiwe?
- Ni jambo gani moja kati ya yale 7 tutakalolianza kabla ya mgawanyo ujao, na nani atalisimamia?

Ndugu wapendwa, yule mama bado anaishi jirani na yule kijana. Sasa msaidizi wake ni mwanamke aliyemchagua mwenyewe, na kila mwezi kiasi hutajwa kwa sauti mbele ya watu wawili. Kijana humletea kuni mara kwa mara. Hatujui kama moyo wake umesahau. Lakini mama anajua pesa zake ni ngapi, na tangu hapo hakuna aliyeshika panga kwa sababu ya ujumbe wa simu.