SOMO: KIWANDA NDANI YA NYUMBA



Tumezoea kiwanda chenye ukuta, mashine na king'ora. Siku hizi baadhi ya vijana wetu wanataka kutengeneza michezo ya kompyuta nyumbani, wasiwe chini ya tajiri. Tusiwacheke, wala tusiwadanganye. Tutazame mfano mmoja.

Mwaka 1994, mjini Seattle, Marekani, Jeff Vogel, aliyekuwa mwanafunzi wa hesabu chuo kikuu, alianzisha kampuni ndogo ya nyumbani, Spiderweb Software. Mchezo wake wa kwanza, Exile, ulitoka mwaka 1995. Tunajifunza mambo matatu.

1. Kuonjesha. Sehemu ya kwanza ya mchezo aliitoa bure. Aliyependa alilipia iliyobaki. Ndivyo afanyavyo mwuza machungwa: anakukatia kipande uonje, kisha unanunua.

2. Kumiliki kazi yako. Vogel hakuuza haki ya mchezo wake. Kwa hiyo Exile aliutengeneza upya kwa jina la Avernum mwaka 2000, akautengeneza tena mwaka 2011. Kazi moja imemlisha mara tatu. Kibarua hulipwa mara moja, na mali hubaki kwa mwajiri.

3. Kuhesabu saa. Hapa ndipo penye hatari. Asiye na tajiri bado ana mwenye soko. Steam, duka kubwa la michezo kwenye intaneti, kwa kawaida hukata asilimia 30. Mchezo ukiuzwa dola 20, dola 6 zinakwenda, 14 zinabaki, kabla ya kodi na gharama nyingine.

Tuseme mtu amefanya kazi wiki 78, saa 40 kila wiki. Hizo ni saa 3,120. Akiuza michezo 1,000 atapata dola 14,000, yaani dola 4 na nusu hivi kwa saa. Kima cha chini kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani mwaka 2009 ni dola 7.25. Mtu huyo amejipunja mwenyewe, na hana likizo, matibabu wala pensheni. Wiki zote hizo chakula kimenunuliwa na nani? Mara nyingi ni mke, mume au mzazi, na jasho lake haliandikwi popote.

Basi kijana aanze akiwa bado na kazi, atengeneze mchezo mdogo, na aandike saa zake daftarini kila siku.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Nani anamlisha fundi kabla mchezo haujauzwa?
(b) Saa yako moja ina thamani gani?