Gugu Maji na Vyombo vya Wavuvi
(Somo: Mathayo 13:24–30)

Bwana wetu alisimulia habari za adui aliyepanda magugu katika ngano, watu walipolala. Liko na gugu la majini, ambalo sisi wenyewe twaweza kulipanda bila kujua.

Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa ua lake la zambarau, wakalichukua nchi nyingi kupamba madimbwi yao. Katika Ziwa Viktoria lilionekana karibu na mwaka 1989, na kufika mwaka 1998 lilifunika hektari zipatazo 17,000 au zaidi. Mitumbwi ilizuiwa bandarini, samaki walikosa hewa, konokono wa kichocho wakapata maskani. Wadudu walilao gugu hilo walifunguliwa humo tangu miaka ya 1990, wakasaidia sana, lakini halikwisha.

Sisi tukaao Tingi na pwani ya Ziwa Nyasa tusiseme, Mwanza ni mbali. Katika mto Shire, utokao katika ziwa letu, gugu hili lilijulikana tangu miaka ya 1960. Tena wavu uliotumika huweza kununuliwa Mwanza na kufika Mbamba Bay kwa gari. Mche mmoja ukinasa humo watosha, maana huongezeka mara mbili kwa majuma mawili hivi. Na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi. Nalo ziwa letu lina aina za samaki zaidi ya 700, ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani.

Basi, kabla ya kuingiza chombo katika maji mengine, yatupasa kufanya haya:

1. Tazama wavu, dema, kamba, nanga na mtumbwi. Ondoa kila jani, mzizi na tope.
2. Mwaga maji yaliyobaki chomboni, ukaoshe vyote mahali pakavu, maji yasirudi ziwani.
3. Anika juani siku kadhaa, hata vikauke kabisa.
4. Magugu uliyoyatoa usiyatupe majini, yakaushe, uyachome.

Kazi hii hupunguza siku za kuvua, na mwenye njaa huiona nzito. Lakini ziwa ni shamba la wote. Uvivu wa mmoja huweza kuondoa kitoweo cha jirani na cha watoto wake.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini tope kidogo wavuni ni hatari?
2. Mgeni akija na nyavu za ziwa jingine, tumwonyeje kwa upendo?