Stesheni ya Nanyuki na Msamiati wa Mwisho wa Reli

Mji wa Isiolo haujawahi kuwa na stesheni ya garimoshi. Kwa msafiri wa kaskazini mwa Kenya, reli ilikomea Nanyuki, takribani kilomita 80 kutoka Isiolo, ambako njia iliyopitia Thika ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilijengwa ili kuhudumia mashamba ya walowezi. Nchi ya wafugaji iliyokuwa mbele yake ilitawaliwa kwa vibali, na haikupewa reli. Nanyuki basi ikawa kwa Kenya ya kaskazini kile ambacho Watanzania hukiita, wakiitaja Kigoma, mwisho wa reli.

Kwa mwanaisimu, mwisho huo una mengi ya kusema. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na msamiati wake ukapanda bara pamoja nayo. Neno taruma ni ushahidi mzuri. Asili yake ni baharini: mbao za kuimarisha chombo. Mabaharia wa pwani hawakufika Nanyuki, lakini mataruma yao yalifika, yakalazwa chini ya vyuma. Gari nalo lilitoka Bara Hindi, likaungwa na moshi wa Kibantu.

Tofauti ya kituo na stesheni haijazingatiwa ipasavyo. Kituo hutokana na kitenzi tua. Pasipo wa kutua, maana yake hulegea. Stesheni, kwa kuwa ni neno la mkopo lisilo na kitenzi nyuma yake, hubaki kuwa jina la mahali hata garimoshi lisipopita. Ndivyo ilivyokuwa Nanyuki kwa miaka mingi abiria walipokosa treni, hadi njia ilipokarabatiwa na safari kurejea mwaka 2020.

Isiolo ni kinyume chake: stesheni imetangulia reli. Tarehe 2 Machi 2012, Marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua huko Lamu mradi wa LAPSSET, ambao ramani yake inaigawa reli Isiolo, tawi moja kwenda Juba na jingine Addis Ababa. Reli hiyo haijajengwa. Hata hivyo, palipoitwa malisho sasa husikika ploti, hati na fidia. Maneno haya si mapambo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, fidia ya ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii hadi usajili ukamilike.