Dondoo muhimu: Kula, kunywa na kutoa wakati wa kiangazi Magoma

Joto la Januari na Februari likishika Magoma, chini ya milima ya Usambara, starehe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kununua kwa jirani na kutenga sadaka kabla ya matumizi. Tazama embe. Likishaiva, joto haliliachi: baada ya siku chache madoa meusi hutokea karibu na kikonyo, nyama ikaanza kuchachuka. Basi ndoo ikijaa, gawa maembe yangali imara, si yale yaliyokushinda. Kiu ikatwe kwa maji ya ndimu au dafu, maana chupa moja ya soda ya mililita 350 kwa kawaida hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Mvinyo wa Dodoma, kwa anayekunywa, usubiri jioni, chakula kikiwa mezani na maji pembeni, kwani pombe huongeza mkojo wakati jasho limeshapunguza maji mwilini.

Wapo wasemao sadaka ni ya wenye nacho. Ni kweli, mkulima wa jembe la mkono hana fedha taslimu kila wiki. Lakini bibi asiyeweza kwenda kisimani anahitaji ndoo ya maji kuliko noti. Burudani nayo isidharauliwe: ngoma ikichezwa, wapigaji walipwe, kwani nao wana watoto. Na mwaka 2026 Ramadhani inaanza Februari. Sahani ya mihogo ya nazi ifike kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi, ingali moto.