Mto Wenu Mzima au Mgonjwa? Waulizeni Wadudu

Mtaalamu wa ikolojia ya mito anajibu maswali ya walimu, wanafunzi na wakulima waishio kando ya vijito vya Tanzania.

Maabara zipo. Kwa nini tuhangaike na wadudu?

Chupa ya sampuli hueleza hali ya maji ya saa ile tu. Mtu akisuuza bomba la kupulizia dawa mtoni usiku, kufikia asubuhi sumu imekwishapita na maabara haitaikuta. Wadudu hawakuwa na pa kukimbilia. Wengi huishi chini ya mawe kwa wiki au miezi kabla ya kuota mbawa, hivyo wakitoweka ghafla, kuna lililowapata.

Shule yetu haina vifaa. Tuanzeje?

Chujio lenye matundu madogo na beseni jeupe vinatosha. Chagueni mahali penye mawe na maji ya kasi. Mmoja akinge chujio upande maji yanakoelekea, mwingine ageuze na kusugua mawe mbele yake. Mkishawatambua viumbe, warudisheni mtoni. Vaeni mabuti ya mpira na mwepuke madimbwi yaliyotulia, kwa kuwa baadhi ya konokono wa humo hueneza kichocho. Mvua kubwa ikinyesha, ahirisheni.

Alama zinatolewaje?

Njia rahisi ni miniSASS ya Afrika Kusini, yenye makundi 13. Mdudu mwenye mikia miwili na vishada vya matamvua kwapani ana alama 17, maana havumilii uchafu. Yule bapa mwenye mikia mitatu ana 11, anayejijengea ala ya mchanga au vijiti 9, kaa 6, konokono 4, ruba 2, na mabuu wa nzi na mbu 2. Jumlisheni alama, kisha mgawanye kwa idadi ya makundi mliyoyaona. Wingi wa wadudu ndani ya kundi hauhesabiwi.

Tuseme juu ya kijiji mmepata makundi manne ya kwanza: wastani ni 10.75. Chini ya mashamba mmekuta konokono, ruba na mabuu tu: wastani ni 2.7. Chanzo cha tatizo kitafuteni kati ya sehemu hizo mbili. Wataalamu hutumia kipimo cha kina zaidi, TARISS, kilichoandaliwa kwa mito ya Tanzania na kuchapishwa 2015.

Alama zikiwa juu, maji yanafaa kunywa?

Hapana. Wadudu wanaweza kustawi kwenye maji yenye vijidudu vya kuhara. Chemsheni au tibuni maji kama kawaida.

Nalima vinyungu, yaani bustani za bondeni kando ya mto. Mita 60 zinanihusu?

Zinakuhusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 za kingo za mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi yake. Ukilima hadi ukingoni, mvua husomba udongo na kuziba nafasi kati ya mawe, ndimo wadudu wanamoishi. Ukikata miti, kivuli kinaondoka na maji yanapata joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Majani yanayodondoka nayo ni chakula: katika vijito vya milimani, kaa ni miongoni mwa wanaoyatafuna.

Basi nipande mikaratusi?

Si kando ya maji. Hunywa maji mengi, na majani yake magumu yenye mafuta si chakula kizuri kwa viumbe wengi wa mtoni. Panda mikuyu na miti mingine ya asili ya eneo lako.

Matokeo tuyapeleke wapi?

Kwenye jumuiya ya watumia maji na bodi ya maji ya bonde lenu, iwe Pangani, Rufiji au Wami/Ruvu. Pimeni mahali palepale, msimu uleule, kila mwaka, mkiandika tarehe na alama. Kipimo kimoja kinaweza kubishiwa. Miaka mitatu ya alama zinazoshuka inadai majibu.